Vidole Laini vya Mheshimiwa Mabumba

Nchi ninayoitolea habari hizi sitaitaja jina. Wenyeji wake ni wepesi wa kukasirika, wakubwa wake ni wepesi zaidi, na mimi bado ni mtumishi wao. Msomaji akiona inafanana na nchi anayoijua, hiyo ni bahati mbaya tu, na nijuavyo mimi bahati mbaya haijawahi kumpeleka mtu mahakamani. Naitwa Zabroni, karani wa kumbukumbu katika Wizara ya Michezo, Burudani na Nidhamu. Kazi yangu ni kuandika yaliyosemwa. Yaliyotendeka nayo yana karani wake, lakini nafasi hiyo iko wazi tangu uhuru.

Kwanza nieleze kwamba kwetu mpira wa miguu ulifutwa. Timu ya taifa ilikuwa imefungwa na nchi zote za jirani, na safari moja ilifungwa na nchi ambayo ndege yake ilichelewa na haikufika uwanjani. Bunge likaona aibu. Likapitisha kwamba kuanzia siku hiyo heshima ya taifa itapiganiwa kwenye gemu, mbele ya runinga, ambako wachezaji hawaumii wala hawadai viatu. Uwanja wa taifa ukawekwa jukwaa, runinga kubwa na viti viwili, na nyasi wakapewa mbuzi wa viongozi.

Na kwenye gemu tulikuwa na mtu. Mwasiti Ngoroma alikuwa fundi wa pedi, vile vidude vya kuchezea gemu vinavyoshikwa kwa mikono miwili, vyenye vitufe upande mmoja na vijiti viwili katikati. Banda lake lilikuwa nyuma ya soko la vyuma chakavu, lina runinga sita na mabenchi matatu. Kwa miaka ishirini alizichomea pedi lehemu, akabadilisha vijiti vilivyolegea, akazijaribu kwa kucheza. Dole gumba lake lilikuwa na sugu ngumu kama kisigino. Alicheza bila kutazama mikono, huku akimjibu mteja na kunywa chai, na bado alikufunga. Najua kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nikitoroka ofisini saa ya chakula kwenda kufungwa pale. Alikuwa bingwa wa taifa mara saba mfululizo. Banda lile na ubingwa ule ndivyo vitu viwili alivyokuwa navyo duniani, na hakuwahi kuomba cha tatu.

Balaa ilianzia kwenye mechi ya ufunguzi wa msimu. Desturi yetu ni kwamba Waziri hucheza na bingwa mbele ya Rais, na bingwa hufungwa matatu kwa mawili. Hilo linaitwa bao la heshima, na lina barua yake rasmi, ambayo niliipeleka mwenyewe bandani. Mwasiti aliisoma yote, hata mhuri aliusoma.

"Zabroni, hapa pameandikwa nifungwe matatu kwa mawili."

"Ndiyo, Bi Mwasiti. Ni utaratibu tu."

"Sawa. Basi mwambie aje anifunge."

Waziri wetu, Mheshimiwa Dokta Injinia Gaudensi Mabumba, alikwenda na suti nyeupe na wapiga picha kumi na wawili. Alifungwa tisa bila. Bao la tisa Mwasiti alilifunga huku akimsalimia mke wa Rais. Wananchi walicheka kwanza kwa woga, halafu wakazoea. Rais naye alicheka, na hilo ndilo Mheshimiwa Mabumba hakulisamehe.

"Nimehujumiwa na kitufe!" aliwaambia waandishi wa habari, jasho likimtiririka mpaka kwenye kola. "Mimi nilibonyeza kupiga, chenyewe kikapiga pasi. Ndugu waandishi, kitufe ni nini? Kitufe ni uvimbe! Kwa nini taifa huru liendelee kubonyeza uvimbe wakati wenzetu duniani wanagusa kioo?"

Wiki iliyofuata tulipata Sera ya Taifa ya Mguso. Nilikuwepo ilipotungwa. Ilitungwa ndani ya gari, kati ya nyumbani kwake na ofisini, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika karatasi. Ibara ya kwanza ilisema kwamba gemu zote za taifa zitachezwa kwenye kioo cha kugusa, na pedi zote zikusanywe zikateketezwe kwa usalama wa vidole vya wananchi. Ibara ya pili ilisema kwamba kwa kuwa vioo vimeshanunuliwa vingi kuliko wachezaji, na aliyeviuza ni mtu wa heshima, basi vitatumika pia kuwatambua raia. Kila mtu aguse kioo, kioo kimjue. Ibara ya tatu ilikuwa fupi kuliko zote: asiyetambuliwa na kioo, hayupo.

Kuhusu gemu kwenye kioo nitasema machache, maana mimi si mtaalamu. Mchezaji anaweka dole gumba juu ya picha ya mchezaji, na hapo hapo dole linamfunika mchezaji, mpira na nusu ya lango. Hakuna kinachosukuma kidole kurudi, kwa hiyo mtu hajui kama amebonyeza au amepapasa tu. Timu ya taifa ilifanya mazoezi wiki mbili, ikajifunga yenyewe mabao arobaini na moja. Mheshimiwa Waziri akayaita mabao ya kujitegemea na akawapongeza vijana.

Uandikishaji ukafuata, na huko ndiko tulikogundua jambo ambalo halikuwemo kwenye sera. Kioo kilipenda vidole laini. Wakurugenzi, wabunge, wake zao na watoto wao walitambuliwa mara moja, kwa mlio mtamu. Wakulima, wapasua mawe, dobi, wasuka mikeka na mafundi wa kila aina waligusa, wakagusa tena, wakapangusa kidole kwenye nguo, wakagusa. Kioo kilinyamaza. Mama yangu mzazi, ambaye ameshika jembe miaka hamsini, aliambiwa hayupo akiwa amesimama pale pale na kapu lake la mayai. Karani aliyemwandika kwenye orodha ya wasiokuwepo ni mimi. Aliniangalia nikiandika, akaniachia mayai mawili juu ya meza.

Siku hiyo hiyo foleni ilimfikia Mwasiti. Aliweka dole gumba lake juu ya kioo, lile lenye ubingwa mara saba. Kimya. Akaweka la pili. Kimya.

"Mama, hupo," afisa mwandikishaji alimwambia kwa upole.

"Sasa wewe unaongea na nani?"

"Mama, mimi nafuata kioo. Sogea kidogo umpishe anayefuata."

"Kama sipo, nimemzuiaje?"

Afisa alifikiri kidogo, akaita askari wawili wamwondoe mtu ambaye hayupo. Walimbeba juu juu. Kesho yake banda lilifungwa kwa kufuli na karatasi, kwa sababu jengo lisilo na mmiliki ni mali ya Wizara. Pedi zake mia tatu zilimwagwa barabarani, na Mheshimiwa Mabumba akapita juu ya pedi hizo na gari la serikali, akarudi nyuma, akapita tena. Ubingwa ukahamishiwa kwa mchezaji anayefuata mwenye vidole vinavyotambulika na cheo kikubwa kuliko wote. Mchezaji huyo alikuwa Mheshimiwa Mabumba. Alijivalisha medali mwenyewe, maana itifaki haikupata mtu mwingine wa hadhi hiyo.

Mwasiti alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara. Nilimfuata. Nilidhani atalia, nikawa nimeshatoa leso.

"Rudisha leso yako, Zabroni," alisema. "Mimi nataka banda langu, nataka ubingwa wangu, na nataka huyu mtu asikie nilichoambiwa mimi jana. Vyote vitatu. Kimoja kikikosekana, sijalipwa."

Nilimwambia kwamba Wizara haina fomu ya maombi ya namna hiyo. Lakini moyoni nilijua nami naitaka fomu hiyo.

Sasa ikaja fainali. Nchi ya jirani ilitualika kugombea kombe baada ya siku tisini, kwenye kioo kama tulivyotaka wenyewe, na Mheshimiwa Mabumba akajiteua nahodha na mchezaji pekee. Alifanya mazoezi kila siku ofisini baada ya chai. Mara moja kioo kilichelewa kusoma kidole chake, akakosa penalti. Alirusha kikombe ukutani.

"Vidole vyangu vinafanya kazi nyingi mno!" alifoka, yeye ambaye kwa mwaka mzima kazi nzito aliyofanya ni kutia saini. "Vimeanza kukakamaa. Zabroni, nitafutie mtu wa kuvilainisha. Ila asiwe na mkataba, sitaki maneno ya watumishi."

Nilisafisha koo. "Mheshimiwa, kuna mama mmoja. Mkataba hahitaji, maana kisheria hayupo."

"Safi sana! Hao ndio watumishi ninaowataka."

Mwasiti aliletwa kesho yake amejifunga ushungi. Mheshimiwa hakumtambua. Nilikuwa na wasiwasi, lakini nilisahau kwamba watu wa aina yake hawatazami uso wa mtu aliyeinama. Mwasiti akaketi chini kwenye kigoda na beseni. Ndani ya beseni kulikuwa na maji ya nanasi na utomvu wa papai bichi, na kando yake jiwe la kusugulia visigino.

Hilo jambo alilijua zamani. Wanawake waliokuwa wakimenya nanasi kwenye kiwanda cha juisi mtaani kwao hawakuwa na alama za vidole. Nanasi lilikuwa limezila zote, vidole vyao vikabaki vitupu. Mimi sikulijua. Aliponieleza, nilikwenda sokoni mwenyewe kuchagua mananasi, nikayachagua yaliyoiva vizuri.

Kila asubuhi kwa muda wa saa moja, na jioni kama robo saa hivi, kwa siku themanini, Mwasiti alilowesha vidole vya Mheshimiwa, akavisugua, akavilowesha tena. Alifanya kazi ile kwa heshima kubwa. Kila kidole alikiuliza hali.

"Kinawasha kidogo," Mheshimiwa alisema wiki ya pili.

"Ni ugumu unatoka, baba."

"Na hiki cha kati kinachoma."

"Hicho kilikuwa na ugumu mwingi zaidi."

Na kweli kioo kilimpenda. Vidole vyake vilikuwa laini kama mkate uliolowa kwenye chai, vikagusa, vikateleza, akaanza kufunga mabao. Akaja kwenye runinga ya taifa akanyoosha mikono mbele ya kamera na kusema, "Tazameni! Hivi ndivyo vidole vya karne hii. Mwananchi mwenye vidole vigumu ajiulize anamfaa nani." Mwasiti alikuwa jikoni kwa Mheshimiwa akimenya papai. Aliitazama hotuba yote, kisu kikiwa kimesimama hewani, kisha akaendelea kumenya. Aliniambia siku ile aliongeza mananasi mawili.

Siku ya fainali watu walijaa uwanjani mpaka juu ya ukuta. Kioo cha mchezo kilikuwa na ukubwa wa meza ya chakula, na kwa amri ya Wizara kilifungiwa kile kifaa cha kuwatambua raia, ili kila bao liandikwe kwa jina kamili la mfungaji na vyeo vyake. Dakika ya tano Mheshimiwa Mabumba aligusa, akateleza, akafunga. Bao zuri, sitaki kumnyima haki yake. Aliruka na kujipiga kifua. Tukatazama ubao.

MFUNGAJI: HAKUNA MTU.

Mwamuzi alifungua kitabu cha kanuni, kitabu ambacho Mheshimiwa alikuwa amekitia saini yeye mwenyewe. Bao lisilo na mfungaji si bao. Akalifuta.

Mheshimiwa akapangusa kidole kwenye koti, akafunga la pili. Hakuna mtu. Akabadilisha mkono. Hakuna mtu. Alifunga mabao matano siku ile, na yote matano yalifungwa na hakuna mtu. Mchezaji wa jirani, mwalimu wa hesabu mwenye miwani, alifunga moja dakika ya mwisho, na ubao ukamtaja kwa jina lake, la baba yake na la kijiji chake. Kombe likaondoka. Wananchi walianza kuimba, "Hakuna mtu! Hakuna mtu!" na wimbo ule ukazunguka uwanja mara tatu. Nami niliimba. Naandika haya bila aibu yoyote, niliimba mpaka sauti ikakauka.

Mheshimiwa alikimbilia gari lake. Mlango wa gari, kama milango yake yote, ulikuwa wa kidole, na siku zote vidole vilivyoifungua vilikuwa vya dereva na walinzi, ambao sasa walikuwa wakiimba. Haukufunguka. Alikwenda ofisini kwa miguu, mlango wa Wizara ukamnyamazia. Alikwenda nyumbani kwake, geti likamnyamazia, na mlinzi aliyeajiriwa na yeye mwenyewe akamwambia kwa heshima zote kwamba kioo kimesema hayupo na yeye mlinzi hawezi kukipinga kioo. Usemi huo ulikuwa umebandikwa getini, umesainiwa G. Mabumba.

Palikuwa na njia moja ya kurudi. Sheria iliunda Tume ya Kuwepo, chini ya Jaji mstaafu Bi Pelagia Nchimbele, ambako asiyekuwepo angeweza kuomba kuwepo kwa ushahidi wa mtu anayemjua. Tume ilikuwa haijawahi kukaa hata siku moja, maana waombaji wote waliotangulia walizuiwa mlangoni kwa kuwa hawapo. Kwa Mheshimiwa ilikaa kesho yake, na mimi nikawa karani wa Tume hiyo.

Dereva wake aliitwa kwanza. "Mimi nilikuwa natazama barabara," alisema.

Katibu Mkuu alisema sura ile anaifananisha, ila kwa sasa Wizara ina kaimu, na kaimu hapendi watu wafananishwe.

Mke wake alivaa miwani ya jua. "Mume wangu, kwa kumbukumbu zangu, alikuwa waziri," alisema. "Huyu si waziri."

Jaji Pelagia akafungua kanuni. Kwa kuwa mzozo ni wa vidole, alisoma, shahidi wa mwisho na anayetosha ni mtu aliyevishika vidole vya mwombaji kwa siku zisizopungua sitini mfululizo. Je, yupo?

"Yupo!" Mheshimiwa alipiga kelele akisimama. "Yule mama! Yule wa beseni! Mwiteni!"

Mwasiti aliingia bila ushungi. Niliona Mheshimiwa akimtazama usoni kwa mara ya kwanza, na rangi ikimtoka polepole.

"Shahidi, taja jina," Jaji alisema.

"Siwezi, mheshimiwa jaji. Mimi sipo. Kioo kimenikataa, na banda langu limefungwa kwa sababu halina mwenyewe. Asiyekuwepo atatoaje ushahidi?"

Wajumbe wakanong'onezana. Ilikuwa kweli, na ilikuwa imeandikwa. Mheshimiwa Mabumba akaanza kugonga meza. "Mrudisheni! Mpeni chochote! Mrudisheni haraka, mimi nina njaa, sijaingia nyumbani kwangu tangu jana!"

"Mwombaji anaridhia shahidi arudishiwe kuwepo kwake kwanza?" Jaji aliuliza.

"Ninaridhia!"

"Na banda?" Mwasiti aliuliza.

"Na banda!"

"Na ubingwa, kwa kuwa aliyenipokonya amethibitika uwanjani kuwa hakuna mtu?"

Shingo ilimvimba Mheshimiwa. "Na ubingwa," alisema.

Niliandika hati tatu kwa mkono wangu mwenyewe, kwa herufi nzuri nilizofundishwa shuleni. Jaji akagonga mhuri mara tatu. Nikamkabidhi Mwasiti, akazisoma zote, hata mhuri aliusoma, akazikunja, akaziweka kifuani. Ndipo akaapa.

"Bi Mwasiti Ngoroma," Jaji alisema, "mtazame mwombaji. Unamjua?"

Mwasiti aliinuka, akamwendea. Akamshika mkono wa kulia, akamfungua kiganja, akatazama kidole kimoja baada ya kingine. Mheshimiwa alikuwa akinong'ona, "Mama, nakuomba. Mama yangu, nakuomba."

"Simjui," alisema Mwasiti.

"Una hakika?"

"Mimi ni fundi, mheshimiwa jaji. Mikono ya watu naijua. Hii haina mwenyewe."

Kelele zilizofuata sikuweza kuziandika zote. Mheshimiwa alirusha kiti, akamnyooshea Mwasiti kile kidole kitupu, akapaza sauti mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka.

"Wewe mwanamke, unanijua mimi ni nani?"

Dereva alikuwepo, Katibu Mkuu alikuwepo, mkewe alikuwepo. Jaji Pelagia alisubiri kwa adabu, akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Karani," aliniambia, "andika swali."

Nikaliandika.

"Jibu?"

Nilimtazama Mheshimiwa Mabumba. Nilimkumbuka mama yangu na kapu lake. Ningeweza kusema. Miaka tisa nilikuwa nimembebea mafaili, viatu vyake nilivijua namba, na sheria ilimruhusu karani kusema kama ana jambo.

"Halikupatikana, mheshimiwa jaji," nilisema.

"Basi funga kumbukumbu."

Niliandika kwamba siku hiyo mwombaji hakufika mbele ya Tume. Kisha nikainuka kumfungulia mlango, kwa kuwa kioo cha mlango kisingemfungulia, nikamtoa nje kwa kumshika mkono. Vidole vyake vilikuwa laini kweli. Mlango niliurudisha taratibu sana, ili nimwone mpaka mwisho.